Nakala Safi

6 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile sikio la kulia halikusumbui sana. Ningekupigia simu, lakini najua utasema "ehe, ehe" mpaka mwisho, na hutakuwa umesikia hata neno moja. Ndiyo maana nimenunua bahasha.

Sisi hatujambo. Mwanangu ameingia darasa la nne na ameanza kunisahihisha ninavyozungumza. Karakana naifungua saa mbili kamili kama alivyofanya Baba. Huu ni mwezi wa tatu tangu tumzike, na bado wateja wanaingia wakiangalia nyuma yangu, kana kwamba mwenye duka yuko njiani. Jana mmoja aliniambia, "Binti, hebu niitie fundi." Nikamjibu, "Ameshakuja, ndiye huyu." Akanipa vipimo vya dirisha lake kama mtu anayemkabidhi mtoto mchanga kwa mtu asiyemjua.

Sasa ombi langu. Nimejiunga na kikundi cha watu wanaotaka kuandika. Tunakutana Jumamosi maktaba, tuko tisa, na anayetuongoza ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Mwisho wa mwaka tutachapisha kijitabu, kila mtu atoe habari moja ya mzazi wake. Mimi nataka kumwandika Baba. Nimekaa mara nne. Mara zote nne nimeandika "Baba yangu alikuwa fundi vioo," nikaishia hapo.

Katika ukoo wetu wewe ndiye mwenye kalamu. Hadithi zako ziliposomwa redioni Jumamosi asubuhi, Baba alikuwa anazima mashine ya kusaga kingo ili asikie, hata kama mteja amesimama anasubiri. Niambie, Shangazi, mtu anaanzaje? Na akishaanza, anafanyaje ili asiache? Barua zako zinanitia aibu. Hazina hata neno moja lililofutwa.

Mwanao.


24 Februari

Mama,

Marahaba. Najua hupendi nikuite mama mbele ya watu, lakini ulipewa jina la mama yangu na baba yako ndiye aliyetaka iwe hivyo, kwa hiyo vumilia.

Mimi sijambo. Baba yako Mkubwa yuko hapa sebuleni, macho yanazidi kupungua, mdomo haujapungua. Leo asubuhi amelalamika kwamba mkate wa siku hizi una matundu mengi. Nikamwuliza ameyaonaje. Akasema ameyahisi kwa ulimi.

Umeniuliza jambo nililojifunza peke yangu na kwa kuchelewa, kwa hiyo usilichukue kama mafundisho ya mtu msomi. Mimi ni mshona shuka za hospitali. Shule yangu ulishajua ilipoishia. Lakini ninachokijua ni hiki.

Usingoje kutaka. Mimi sitaki kupinda shuka kila ninapoingia kazini, lakini shuka ziko pale na mashine iko pale, nakaa. Na kuandika ni hivyo. Chagua kiti kimoja na saa moja, iwe ndogo. Mimi nilikuwa naandika katika chumba cha shuka kabla wenzangu hawajafika, dakika ishirini, juu ya meza ya kukunjia. Kipimo changu kilikuwa upindo mmoja wa shuka: urefu huo wa muda, basi. Ukifanya zaidi ni vizuri, lakini usijidai deni.

Unapoacha, acha ukiwa bado unajua sentensi inayofuata. Fundi hamalizi uzi wote ndipo aende nyumbani. Anaacha sindano ina uzi, kesho aanzie hapo.

Andika vibaya kwanza. Mimi nina madaftari ya aina mbili, chafu na safi. Katika daftari chafu naandika kila kinachokuja, kwa haraka, jinsi kinavyokuja, hata mtu akikohoa karibu yangu naandika amekohoa. Kisha nanakili katika karatasi safi, na hapo ndipo nachagua. Barua hii pia nimeiandika mara mbili. Ndiyo maana huoni palipofutwa. Nisikudanganye kwamba nina mkono mtakatifu. Madaftari machafu siyatupi, ninayo yote tangu nilipotoka shule, yamejaa sanduku la chini ya kitanda.

La mwisho. Ukisoma ulichoandika, tafuta mahali uliporuka. Kila mtu huruka mahali. Hapo ndipo penye habari yenyewe.

Kuhusu baba yako, anza na mikono yake. Nakumbuka alikuwa na kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, umbo la mbegu ya tikiti. Alilipata mwezi wa kwanza wa kazi, akaniandikia habari zake kwa fahari kana kwamba amepewa cheti.

Shangazi yako.


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeibandika ukutani karakana, juu ya meza ya kukatia. Seremala wa mlango wa pili aliisoma yote bila kuombwa. Sasa kila asubuhi akinikuta nimeinama na kalamu anauliza, "Wosia umefika wapi?" Namwambia, "Nimefika kwenye jina lako, nikakuruka." Anacheka, anakwenda zake, nami dakika tano zimepotea.

Lakini nimekaa, Shangazi. Siku thelathini na moja, saa moja na nusu mpaka karibu saa mbili, juu ya karatasi zile za kufungia vioo. Siku nyingine napata mistari miwili. Siku moja niliandika orodha ya vitu vilivyomo mezani na kurudi nyumbani. Sikujidai deni. Na ile ya kuacha uzi kwenye sindano ni kweli kabisa. Nilipoanza kuacha katikati, asubuhi nilikuwa naharakisha kufika.

Nimeanza na mikono, kama ulivyosema. Kisha nikatafuta mahali niliporuka. Sikutafuta sana. Nakutumia kipande hicho uniambie kama kinafaa:

"Ukoo ulimwita Mgeni. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni jina la utani kama mengine, la mtu aishiye mbali. Nilikuja kuambiwa baadaye. Mama yake alipougua, aliitwa aje, hakuja. Alifika siku tisa baada ya mazishi, akiwa amebeba mtandio mpya ndani ya karatasi ya dukani. Kaka yake akamwambia mlangoni, 'Karibu, mgeni.' Mtu aliyepima kila dirisha mara mbili kabla ya kukata hakuupima urefu wa njia ya kurudi kwao. Nilimwuliza mara moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Alisema, 'Sikujua.' Nikacheka kwa pua. Hakusema tena."

Nilipowasomea wenzangu maktaba, hakuna aliyekohoa. Mwalimu alisema hicho ndicho kitafungua kijitabu. Nilifurahi, halafu njia nzima nikajisikia nimemvua Baba shati mbele ya watu. Lakini si ndiyo kazi yenyewe, kusema kweli?

Nasubiri jibu lako.

Mwanao.


11 Mei

Mama,

Marahaba, na samahani kwa kuchelewa. Tulipokea shuka mpya za wodi ya watoto na zote zilitakiwa kuandikwa nambari. Pia mvua ilivujia jikoni. Baba yako Mkubwa anakusalimu, ameuliza kama bado unaifunga ile redio ya karakana kwa mpira.

Nimesoma kipande chako. Una mkono mzuri. Pale mwanzo neno "baadaye" halina kazi, "nilikuja kuambiwa" inatosha. Mtandio ulikuwa wa rangi ya majani mabichi, ukitaka kuweka rangi. Karatasi ya dukani ilikuwa imelowa pembeni kwa sababu aliibeba kifuani njia nzima.

Kwa maoni yangu kipande chote hicho kinairefusha habari bila sababu. Msomaji anataka karakana, mikono, jinsi alivyokisikiliza kioo kabla ya kukikata. Mambo ya nyumbani ya zamani hayana faida kwa mtu asiyetujua. Ningekuwa wewe ningekiondoa.

Endelea kukaa kila asubuhi.

Shangazi yako.


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo.

Nitasema kwa heshima, na kama nimevuka mpaka utanirudisha. Ulinifundisha nitafute mahali niliporuka. Nimepapata, na sasa unaniambia niparuke tena. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta sababu, nimekuta "baadaye" moja na rangi ya mtandio.

Kama unaona aibu kwa niaba yake, mimi pia naona. Mimi ndiye binti yake. Watu wamekuwa wakimwita Mgeni mbele yangu tangu nijue kusimama. Lakini wewe hukuwahi kumwita hivyo, hilo nimelikumbuka juzi nikikata kioo cha kabati. Katika ukoo mzima ni wewe peke yako uliyemwita kwa jina lake. Kwa nini?

Ulikuwepo nyumbani wakati huo. Baba Mkubwa alisema wewe ndiye uliyekuwa unaandika barua za Bibi, kwa sababu wengine wote hawakujua kusoma. Hadithi zako za redioni nimezisikia nyingi. Ziko za sokoni, za hospitali, za majirani. Hakuna hata moja ya nyumba hiyo.

Mwanao.


3 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nilidhani umekasirika, kisha nikadhani unaumwa, kisha nikampigia Baba Mkubwa, akasema unakula vizuri na unashona na hutaki kuzungumza. Kama nimekuudhi, nisamehe.

Nina jambo la kukufurahisha, labda litafuta la mwanzo. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta almasi ya zamani ya Baba, ile ya kukatia kioo kinene. Nikavuta droo ya chini mpaka ikatoka yote. Nyuma yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa gazeti. Nilidhani ni sampuli ya kioo. Ni vioo viwili vyembamba, ukubwa wa daftari, vimebanwa pamoja kwa utepe, kingo zimesagwa pande zote mpaka hazikati mkono. Katikati kuna barua. Ni mwandiko wako, Shangazi, wa utoto, lakini ni wako, hauna hata neno moja lililofutwa. Sikiliza:

"Mama anakusalimu salamu zisizohesabika, kama matone ya mvua tunayoyangojea. Kifua chake kimemrudia kama kinavyomrudia kila mwaka majani yanapokauka, lakini moyo wake uko huko uliko, unakufuata kama kivuli kinavyomfuata mwenye nacho. Mawingu yakianza kukusanyika ndipo anapokutamani zaidi. Viatu vyako vya shule vimepata miguu mipya kwa jirani, navyo vinakimbia kama ulivyokimbia wewe."

Ulikuwa na miaka kumi na saba tu. Seremala alisoma juu ya bega langu, akasema, "Huyu shangazi yako angeniandikia mimi barua ya posa, nisingekataliwa mara mbili."

Lakini nimetazama tarehe. Ni mwezi mmoja kabla Bibi hajafariki. Na humu ndani simwoni mtu anayeitwa aje. Ilikuwepo barua nyingine?

Tarehe ya mwisho ya kijitabu ni kumi na tano Oktoba. Niambie ili niandike sawasawa.

Mwanao.


30 Agosti

Mama,

Marahaba. Baba yako Mkubwa ni mzima. Paa la jikoni limetengenezwa.

Hakukuwa na barua nyingine.

Nimeikalia barua yako wiki nane. Ulipoandika kwamba kingo amezisaga, niliikunja nikaiweka chini ya mashine, na siku hiyo niliharibu shuka mbili. Miaka yote hii nilikuwa nikiomba barua ile iwe imeliwa na panya.

Nitakuambia jinsi tulivyofanya kazi, Mama na mimi. Alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mimi mlangoni penye mwanga. Anasema, mimi naandika katika daftari chafu, haraka, kila kitu. Akimaliza, namsomea. Anasema sawa. Kisha mimi nanakili kwenye karatasi safi, na hiyo ndiyo naipeleka posta. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo alichokisikia daima kilikuwa cha daftari chafu.

Mwanzoni nilinakili alichosema. Kisha baba yako akaandika kwamba barua zetu anazisoma kwa sauti karakana wakati wa chakula, na mafundi wananyamaza, na mkuu wao alisema huyu dada yako ni mwandishi. Sijui kama unaweza kuelewa neno hilo lilinifanya nini. Nilikuwa nimetoka shule mwaka mmoja, nachota maji na kupika. Kuanzia hapo sikuwa tena namwandikia kaka yangu. Nilikuwa nawaandikia wale mafundi. Maneno ya Mama niliyaona mabaya, hayana umbo. Nikayatengeneza. Nilikuwa nikifika kwenye karatasi safi nachagua, kama nilivyokuambia wewe ufanye.

Daftari ninalo. Nimelitoa sandukuni. Aliyosema siku ile ni haya, nayanakili bila kugusa:

"Mwambie kifua cha safari hii si kile cha kila mwaka. Mwambie silali, nakaa. Aje kabla ya mvua, mvua zikianza barabara itakatika. Asilete kitu, alete uso wake. Viatu vyake vya shule nimempa mtoto wa jirani, asije akaniuliza. Aje. Umeandika aje? Andika tena. Anakohoa. Mwambie namwita mimi, si kaka yake. Basi, nimechoka, nisomee."

Nikamsomea. Akasema, "Hapo sawa." Kisha nikaenda kuandika kile ulichokikuta kwenye kioo.

Sikukusudia kumzuia. Ningependa uniamini, lakini hata mimi siku nyingine sijiamini. Niliona aibu mafundi wasikie "silali, aje, andika tena." Na sikudhani atakufa. Kila mwaka aliumwa kifua na kila mwaka alipona. Niliamini kaka ataelewa, kwa kuwa mimi mwenyewe nilipoisoma nililia. Nililia kwa uzuri wake.

Sasa lile ambalo sijamwambia mtu. Kila siku Mama aliniuliza, "Amesemaje?" Nikasema barua bado. Jibu lilipokuja lilisema: barua yako tamu kuliko zote, mpe Mama pole ya kifua, nitakuja mwisho wa mwaka. Nilimwambia Mama amesema anakuja. Akauliza lini. Nikasema karibuni. Aliangalia mlango siku kumi na moja. Alikufa akijua kwamba alimwita mwanawe waziwazi, mara mbili, na mwanawe hakuja.

Baba yako alipofika, mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kata ya maji. Kaka mkubwa alimwambia, "Mama alikuita ukakaa. Karibu, mgeni." Baba yako akasema, "Sikujua." Kisha akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama kioo mwangani kuona kama kina ufa. Halafu akainama, akaweka mtandio chini, na hakusema tena neno hilo mbele ya watu.

Nilijiambia hakuelewa. Nilijiambia hivyo miaka thelathini na minane, na hadithi zangu zikasomwa redioni, naye akazima mashine azisikie.

Wewe ulimcheka kwa pua mara moja, ukiwa na miaka kumi na minane. Hiyo ni ndogo sana. Iache.

Sina ushauri wa kuandika wa kukupa. Nilikuwa na mmoja tu na umeona ulivyotumika.

Shangazi yako.


12 Septemba

Shangazi,

Shikamoo.

Nimesoma. Nilivunja vioo viwili siku hiyo nikafunga karakana saa nne. Seremala alikuja kuuliza, nikamwambia ni kichwa. Hakufanya utani.

Ninakukasirikia na ninakuonea huruma, na siwezi kukuambia kipi kinatangulia. Nikifikiria Bibi anavyoangalia mlango nakukasirikia. Nikifikiria wewe na ile kata ya maji, nashindwa. Na mimi nina langu. Mtu aliniambia kweli kwa neno moja, nikalicheka, halafu baada ya kufa kwake nikaenda kuwasomea watu wanane kwamba alikuwa mwongo. Wakanisifu.

Nimetoa kile kipande. Nimeacha nafasi wazi pale kilipokuwa. Najua kitakachokaa hapo, lakini siwezi kukiandika kwa sababu Baba Mkubwa bado anamwita Mgeni. Juzi kwenye simu alisema, "Tangu Mgeni atutoke, nani atanitengenezea miwani?" Siwezi kumchapisha Baba kwenye kijitabu kabla hujamwambia kaka yake. Si haki asikie kwa kusomewa na jirani.

Nimebakiwa na mwezi mmoja na siku tatu. Kama huwezi, niambie huwezi, nami nitaandika mikono na karakana tu. Sitakulazimisha.

Na bado nakaa kila asubuhi. Sikutaka uishie hapo ukadhani kila ulichonifundisha kimekufa.

Mwanao.


5 Oktoba

Mama,

Marahaba. Tuko wazima wote wawili, na nimemwambia.

Nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Mara ya pili nilianza, akaniuliza kama nimezima jiko, nikaenda kulitazama na sikurudi. Jana, Jumapili, baada ya chai, nilileta daftari chafu na barua yako ya Julai nikaketi karibu na sikio lake. Nikamwambia, "Kaka, nina mambo mawili ya kukusomea na ukimaliza kusikia unaweza kunifukuza." Akasema, "Nyumba ni ya kwako, nitakufukuzia wapi?"

Nikasoma ya kwanza, ile iliyopelekwa. Alitikisa kichwa kama anavyofanya kwa redio. Akasema, "Ulikuwa hodari." Nikasema, "Subiri."

Nikasoma ya pili. Nilipofika kwenye viatu alicheka. Alicheka kwa sauti, akajipiga goti, "Vile viatu! Alivitoa kweli, na mimi nilikuwa navitaka." Nilipofika "Umeandika aje? Andika tena," aliacha kucheka. Nilimaliza. Akaligeuzia daftari sikio lake.

Kisha akasema, "Hiyo ndiyo sauti yake."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nimeisahau. Nisomee tena hiyo ya pili."

Nilimsomea mara nne. Ya nne alikuwa anaisema pamoja nami. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata nguo zangu chache nilikuwa nimezikunja. Hakunitukana. Aliuliza swali moja tu: kama mdogo wake alijua ni mimi. Nikamweleza habari za vioo viwili na zile kingo.

Alipapasa meza mpaka akaipata miwani yake, ile baba yako aliyomtengenezea, akaivaa, ingawa haimsaidii tena kitu. Akasema, "Tumemwita Mgeni miaka thelathini na minane." Halafu akasema, "Na alikuwa anaitika."

Jioni hakula. Leo asubuhi amekula, na akizungumza habari za baba yako amemtaja kwa jina. Lilimtoka kwa shida, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Kwangu mimi bado hajasema lolote la zaidi ya chai na mkate. Nangoja. Ni haki yangu kungoja kidogo.

Sasa kijitabu. Weka zote mbili, ile ya kwenye kioo na ile ya daftarini, bila kuongeza neno la kupamba wala la kunitetea. Andika kwamba aliyeandika ni dada yake. Wenzako wakikuuliza kama niliruhusu, waonyeshe barua hii.

Nilisema sina ushauri. Nimepata mmoja, ni mfupi. Kabla ya kunakili, jiulize unayemwandikia ni nani. Kama ni mtu anayengojwa mlangoni, mwambie aje.

Nimerudi kwenye meza ya kukunjia. Dakika ishirini. Jana mistari mitatu, leo mitano, yote ni ya nyumba ile. Mibaya sana.

Utaona karatasi hii imechafuka, pale katikati nimefuta mstari mzima, na neno "aje" limeandikwa juu ya jingine. Usidhani nimezeeka ghafla. Sikuinakili. Hii ndiyo ya kwanza.

Shangazi yako.